Orodha ya ndege si tathmini: bioanuwai katika TAM na katika mipango ya sera

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wapangaji mipango, wahandisi, na ninyi mnaokaa na ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) mezani mkisubiriwa mtie saini:

Chukueni ripoti yoyote ya TAM, mfungue sura ya mimea na wanyama. Mara nyingi mtakuta maelezo ya mvua na udongo, sentensi kwamba uoto ni "vichaka mchanganyiko", kisha kiambatisho chenye majina ya ndege kwa Kilatini. Mkifika sura ya athari mtasoma kwamba ufyekaji utaleta "upotevu mdogo wa makazi ya viumbe", na dawa iliyoandikwa ni kupanda miti. Sasa rudini kwenye ile orodha ya ndege, mjiulize ilitumika wapi. Ukiichana na kuitupa, ripoti inabaki ileile na hitimisho lilelile. Orodha iliwekwa kwa sababu hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi aliyopewa mshauri, ziliitaka, na mwandishi wa sura ya athari hakuisoma.

Orodha ya spishi si tathmini. Taarifa kuhusu viumbe inakuwa tathmini pale inapoweza kuhamisha njia ya barabara, kubadili saa za mtambo, kuongeza maji yanayoachwa mtoni, au kuuzuia mradi kabisa. Na ili iwe na nguvu hiyo, lazima ifike wakati bado kuna kitu cha kuhamisha. Mengi nitakayosema leo yanatoka hapo.

Sheria hatujazikosa. Marekani ilianza na sheria yake ya sera ya mazingira, iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970. Mkataba wa Bioanuwai, yaani wa anuwai ya viumbe hai, wa mwaka 1992 una kifungu cha 14, ambacho kina sehemu mbili ambazo watu huzisahau kuzitenganisha: moja inadai tathmini ya miradi, nyingine inadai programu na sera nazo zizingatie matokeo yake kwa bioanuwai. Mwaka 2006 nchi wanachama, zikikutana Curitiba, Brazil, zilipitisha mwongozo wa hiari wa namna ya kuiingiza bioanuwai katika tathmini zote mbili, ya mradi na ya kimkakati, yaani ile ya sera na mipango. Na Desemba 2022, katika Mfumo wa Kunming-Montreal, makubaliano ya dunia ya kulinda bioanuwai, Lengo la 14 limetaja kwa majina: sera, kanuni, mipango, mikakati ya kutokomeza umaskini, tathmini za kimkakati, na TAM. Maandishi yapo. Kinachokosekana ni kujua yaingie wapi katika kazi, na siku gani.

Kisa kinachoonyesha gharama ya kuchelewa ni cha Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Mto Kihansi ulikuwa unaporomoka kwenye korongo refu, na maji yake yakipiga miamba yanatoa manyunyu yasiyokoma. Pembeni mwa maporomoko kulikuwa na vijieneo vya majani vilivyoloa mwaka mzima, vyote kwa pamoja kama hekta mbili tu. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa umeshaanza, wataalamu walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mradi ulipoanza kuchepusha maji, karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita korongoni yaliondoka, na manyunyu yakaondoka nayo. Ikabidi kufungwa mabomba ya kunyunyiza maji kwa mashine ili kuiga maporomoko. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa. Waliobaki waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, ikamtangaza kuwa ametoweka porini, na kuanzia mwaka 2012 wale waliozaliwa wakifugwa wakaanza kurudishwa korongoni.

Hapa tusimlaumu aliyemgundua, maana yeye ndiye pekee aliyefanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni mpangilio. Kipande cha mto kinachokaushwa, kati ya mahali maji yanapochukuliwa na mahali yanaporudishwa, ndicho kinachoumia kuliko vyote katika mradi wa namna hii. Kingetakiwa kuwa cha kwanza kutembelewa, kabla kiwango cha maji ya kuchepusha hakijaingia kwenye hesabu za mapato. Hesabu hizo zikishakamilika, kila lita ya maji unayoomba ibaki mtoni inaitwa hasara.

Marekani nayo ilipitia njia hiyohiyo. Bwawa la Tellico, jimboni Tennessee, lilikuwa linajengwa tangu 1967. Samaki mdogo aitwaye snail darter, aliyeleta kesi ya kuuzuia mradi, aligunduliwa mwaka 1973. Mahakama ya Juu ikasimamisha mradi 1978. Bunge likauondoa mradi kwenye makali ya sheria ya viumbe walio hatarini 1979 na bwawa likajazwa. Samaki huyo baadaye alipatikana mito mingine, akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2022. Lakini kwa miaka ile hakuna aliyekuwa na taarifa za mito hiyo mingine, kwa hiyo mahakama na Bunge vyote viliamua gizani.

Sasa tuingie jikoni.

Hatua ya kwanza ni kuamua mradi upi ufanyiwe tathmini. Hapa sheria nyingi hutumia ukubwa: barabara zaidi ya kilomita kadhaa, shamba zaidi ya hekta kadhaa. Ukubwa ni kipimo kibovu ukiuacha peke yake. Barabara ya kilomita tatu inayokata shingo ya ardhi oevu inaweza kuua viumbe wengi kuliko barabara ya kilomita 60 inayopita kwenye mashamba yaliyolimwa miaka hamsini. Dawa ni ramani ya maeneo nyeti inayoambatana na orodha ya miradi: hifadhi, maeneo ya Ramsar (ardhi oevu zilizoorodheshwa kimataifa), Maeneo Muhimu ya Bioanuwai, shoroba, mapito ya samaki, mazalia. Mradi ukigusa ramani hiyo, tathmini ni lazima hata ukiwa mdogo. Na wale wanaogawa mradi mmoja vipande vitano ili kila kimoja kikae chini ya kiwango mnawafahamu. Ramani inawanasa, ukubwa hauwanasi.

Hatua ya pili, kuweka mawanda, yaani mipaka ya kinachochunguzwa, na kuandika hadidu za rejea, ndipo vita vinaposhindwa. Nitakaa hapa kidogo.

Kosa la kawaida ni kuchora mpaka wa utafiti kwa kufuata mpaka wa hati ya ardhi. Viumbe hawasomi hati. Kwa bwawa, eneo la athari linaanza juu, mahali samaki wanapopanda kutaga, linapita kipande kinachokaushwa, linaishia kwenye delta ambako mchanga uliokuwa ukiletwa na mto hautafika tena. Kwa barabara, upana wa ujenzi ni mita 30 au 40, lakini athari kubwa huletwa na watakaoitumia: wachoma mkaa, wawindaji, wakata mbao, na viwanja vitakavyopimwa kando yake. Kisha kuna vile vinavyoitwa vitu vya ziada, ambavyo kwa viumbe si vya ziada hata kidogo: machimbo ya kokoto na kifusi, kambi ya vibarua, barabara za muda, njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka mtamboni hadi gridi. Nyaya hizo mara nyingi zina mkandarasi wake na kibali chake, kwa hiyo ripoti ya mtambo haizitaji. Tumbusi na korongo ndio wanaozigonga.

Hadidu nzuri huandikwa kwa maswali. "Kuchunguza mimea na wanyama wa eneo la mradi" inazaa orodha. "Je, kuna spishi ambayo sehemu kubwa ya idadi yake duniani inategemea eneo hili, na itatumia eneo hili lini na kwa ajili gani?" inazaa jibu. Mwongozo wa Curitiba unapendekeza tuangalie mambo matatu: muundo, yaani nani yupo na wangapi, mpangilio, yaani wamekaaje katika eneo na katika majira, na michakato inayowaweka hai, kama mafuriko ya msimu, moto, uchavushaji, uhamaji, mchanga unaosafirishwa na mto. Ripoti nyingi huishia kwenye la kwanza. Lakini anayebadilisha siku mafuriko yanapokuja anaweza asikanyage jani hata moja, na bado akaondoa kizazi kizima cha samaki wanaotaga kwenye mbuga zilizofurika.

Nani anapaswa kuwa kwenye meza ya mawanda? Mwanaikolojia, bila shaka, lakini pia mhandisi wa usanifu, kwa sababu ndiye anayejua nini bado kinabadilika. Na wavuvi, wachungaji, warina asali. Hao wanajua mwezi ambao kitu kinaonekana, na mwezi ndio utakaoamua kama utafiti wenu una thamani.

Hilo linatuleta kwenye taarifa za msingi. Timu hupewa siku saba za uwandani, huenda wakati wa kiangazi kwa sababu magari hayakwami, kisha huandika "hakuna spishi iliyo hatarini iliyobainika". Tuifanyie hesabu sentensi hiyo. Tuseme kuna chura wa usiku ambaye, hata kama yupo, ziara moja ina uwezekano wa asilimia 30 wa kumwona. Ziara moja itamkosa mara 70 kati ya 100. Ziara mbili zitamkosa mara 49, yaani ni kama kurusha shilingi. Ziara tano bado zitamkosa mara 17. Ili uwezekano wa kumkosa ushuke chini ya asilimia 5 unahitaji ziara tisa, tena katika msimu anaolia. Kwa hiyo "haikubainika" bila kutaja idadi ya ziara, saa, msimu na njia iliyotumika haina uzito wowote. Mnaosoma ripoti, rudisheni sentensi hiyo kila mnapoikuta peke yake.

Juhudi ziandikwe kwa vipimo vyake: vituo vingapi vya kuhesabu ndege na dakika ngapi kila kituo, kuanzia alfajiri, kamera ngapi za kutega kwa usiku mangapi (kamera 30 kwa usiku 60 ni usiku-kamera 1,800, na msomaji anaweza kulinganisha na utafiti mwingine), vifaa vya kunasa sauti za popo usiku kucha, viwanja vya mimea vya ukubwa gani na vimepangwaje. Siku hizi sampuli ya maji inaweza kuonyesha DNA ya samaki na vyura walioko mtoni, na kwa maji yanayotiririka ni nyongeza nzuri, ila inaeleza kwamba kiumbe yupo, haielezi wapo wangapi. Majira yasipungue mawili, mvua na kiangazi. Palipo na ndege wahamao, majira ni matatu au manne, kwa sababu ukienda wakiwa wameondoka utaandika kwamba eneo ni tupu. Na takwimu za zamani zipo: hifadhidata ya GBIF, yenye kumbukumbu za viumbe walioonekana duniani kote, ni ya wazi na haina malipo, Orodha Nyekundu ya IUCN, ya spishi na hali zao, ni ya kila mtu. Saa mbili mbele ya kompyuta kabla ya kwenda uwandani zitakuambia spishi zipi za kuzitafuta. Ajabu ni wingi wa timu zinazofungua orodha hiyo baada ya kurudi.

Swali linalofuata ni la uzito: spishi ikipatikana, ni jambo kubwa au dogo? Hapa kuna vipimo vya namba, tusibishane kwa vivumishi. Kiwango cha Utendaji namba 6 cha IFC, shirika la fedha lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, ambacho benki nyingi zinazokopesha miradi hukifuata, kinaeleza makazi nyeti kabisa kwa viwango katika mwongozo wake wa mwaka 2019. Eneo linaloshikilia angalau asilimia 0.5 ya idadi ya dunia ya spishi iliyo hatarini au hatarini sana, pamoja na angalau makundi matano ya uzazi, linaingia. Kwa spishi yenye eneo dogo la kuishi kiwango ni asilimia 10 na makundi kumi. Kwa wahamao na wanaokusanyika pamoja ni asilimia 1. Eneo likiingia, mradi unatakiwa kuonyesha ongezeko halisi la spishi husika; kutopunguza hakutoshi. Si lazima muwe mnakopa huko ili mtumie vipimo hivi. Vinasaidia kumaliza mjadala wa "athari ni ya wastani", neno ambalo halijawahi kupimwa na mtu.

Sura ya athari ndiyo inayohitaji penseli zaidi. Niwape mfano mmoja mfanye wenyewe kwenye karatasi. Chukua msitu wa mraba, kilomita moja kwa kilomita moja, hekta 100. Kwenye ukingo jua na upepo hukausha, magugu huingia, mbwa huingia. Tuseme hali hiyo inaingia ndani mita 100. Kiini cha msitu, ambako viumbe wa ndani huishi, ni mita 800 kwa 800, yaani hekta 64. Sasa pitisha barabara ya upana wa mita 20 katikati. Umefyeka hekta 2. Ripoti itaandika upotevu wa asilimia 2, na kwa hesabu ya kufyeka ni kweli. Lakini sasa una vipande viwili, kila kimoja mita 490 kwa 1,000; toa mita 100 kila upande, kiini kinabaki mita 290 kwa 800, hekta 23.2. Viwili ni hekta 46.4. Kiini kimepungua kwa hekta 17.6, asilimia 27.5. Barabara hiyohiyo ikipita pembeni mwa msitu, kiini kinabaki karibu kama kilivyo. Huo ndio uamuzi ambao sura ya athari ilipaswa kuupeleka kwa mhandisi, na tarakimu ya asilimia 2 haiwezi kuupeleka.

Hatua za kupunguza athari zina mpangilio wake: kwanza kuepuka, halafu kupunguza, halafu kurejesha, mwisho kabisa kufidia. Kila mtu anaukariri. Wachache wanaufuata, kwa sababu kuepuka kunahitaji mchoro ubadilike na kufidia kunahitaji ahadi tu. Njia rahisi ya kuupima ukweli wa ripoti: tafuta michoro ya mbadala iliyokataliwa. Kama ripoti ina mbadala mmoja tu uitwao "kutokuwa na mradi", basi hakuna kilichoepukwa.

Kupunguza nako kuna ufundi wake, na mara nyingi si ghali. Popo wengi huruka upepo ukiwa hafifu. Mtambo wa upepo ukizuiwa kuanza kuzunguka hadi upepo ufike mita 5 kwa sekunde au zaidi, badala ya 3 na nusu hivi, vifo vya popo hupungua sana, mara nyingi karibu nusu au kupita hapo, na umeme unaopotea ni mdogo kwa kuwa katika upepo huo mtambo ulikuwa hauzalishi cha maana. Mtaro wa bomba ukiachwa wazi usiku unageuka mtego: weka mteremko au ubao wa kutokea kila baada ya mita kadhaa, na mtu aukague alfajiri kabla mashine haijaanza. Udongo wa juu, sentimita 15 hadi 30, ukwanguliwe na kuwekwa kando kwa marundo yasiyozidi mita 2 kwenda juu, urudishwe mapema. Ukikaa muda mrefu, mbegu na kuvu zilizomo hufa na unabaki na vumbi. Greda lioshwe kabla ya kuingia eneo safi, kwa sababu mbegu za mimea vamizi husafiri kwenye matope ya minyororo yake. Kuhamisha wanyama, kitu kinachopendwa sana na wapiga picha, kuwe chaguo la mwisho: wengi hurudi walikotoka au hufa walikopelekwa, kwa kuwa mahali pazuri huwa pameshakaliwa na wenzao.

Fidia ya bioanuwai, hapo ndipo penye ujanja. Hesabu ya kawaida ni hekta mara ubora. Mradi ukiharibu hekta 40 zenye ubora wa 0.6, umepoteza vizio 24. Ukipewa ardhi iliyochoka yenye ubora wa 0.3 na unaamini utaipandisha hadi 0.5, faida ni 0.2 kwa hekta, kwa hiyo unahitaji hekta 120. Lakini urejeshaji hushindwa. Ukikadiria kufaulu ni nusu kwa nusu, unahitaji 240. Na hapo bado hujahesabu miaka ambayo mti utachukua kuwa na pango la ndege. Ripoti inayofidia hekta 40 kwa hekta 40 haijafanya hesabu hata moja. Kulinda msitu ambao tayari uko ndani ya hifadhi hakuhesabiki, maana hakuna kilichoongezeka. Kufidia ardhi oevu kwa kupanda mikaratusi hakuhesabiki pia. Na kuna vitu visivyofidika: yale manyunyu ya Kihansi hayakuwa na hekta nyingine popote. Uingereza, kwa upande wa England, imeweka jambo hili kwenye sheria tangu Februari 2024: maendelezo mengi yanatakiwa kuleta ongezeko la asilimia 10 kwa kipimo rasmi, na kulidumisha kwa miaka 30. Ile miaka 30 ndiyo nondo ya sheria hiyo, kwa sababu inalazimisha kujua nani atalipa mwaka wa 29.

Kisha mpango wa usimamizi wa mazingira unaandikwa, unapitishwa, na unabaki kwenye kabati. Mkandarasi hajawahi kuuona. Yeye anafanya kilicho kwenye jedwali la kazi na gharama, ile BOQ ya kila siku. Kama kalavati la kupitisha wanyama, uzio wa kuongoza vyura, kitalu cha miche ya asili na mshahara wa mwanaikolojia wa eneo la kazi havina mstari na bei kwenye BOQ, havipo. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya timu ya TAM iwe kukaa na mkadiriaji majenzi na kuigeuza kila hatua kuwa mstari: kipimo, idadi, bei. Kitalu kianze msimu mmoja au miwili kabla ya urejeshaji. Miche ya asili hainunuliwi siku ukiihitaji. Na masharti ya kibali yaandikwe kwa namna inayokaguliwa. "Mwekezaji ahakikishe mtiririko wa kutosha" haikaguliki. "Mtiririko usiopungua mita za ujazo kadhaa kwa sekunde, ukipimwa kwa kipimo kilichofungwa chini ya banio, takwimu zikitumwa kila mwezi" inakaguliwa hata na mtu aliye ofisini.

Ufuatiliaji nao uwe na mahali pa kulinganishia. Pima kabla na baada, kwenye eneo la mradi na kwenye eneo linalofanana lisiloguswa. Bila eneo la pili, ndege wakipungua mwekezaji atasema ni ukame, na hutakuwa na la kumjibu. Wekeni kiwango cha kuchukua hatua mapema: vifo vya tumbusi vikifika idadi fulani kwa mwaka, mtambo fulani unasimama mchana wa majira fulani. Kiwango kinachojadiliwa baada ya vifo huwa hakifikiki kamwe.

Nimeutumia muda mwingi kwenye mradi, ila nusu ya pili ya kifungu cha 14 ndiyo yenye uzito. Mambo makubwa huamuliwa juu, kwenye mpango wa sekta na bajeti, na mradi unapofika kwenye TAM umebakiza kuchagua rangi ya paa. Tazama mto mmoja wenye mabwawa madogo sita yaliyopangwa. Kila moja lina TAM yake, kila moja lina ngazi ya samaki, na tuseme kila ngazi ni nzuri sana, inapitisha samaki 80 kati ya 100. Kila ripoti itasema athari ni ya kuvumilika. Zidisha 0.8 kwa 0.8, bwawa hadi bwawa, hadi zitimie sita: wanaofika juu ni 26 kati ya 100. Hakuna hata ripoti moja kati ya hizo sita iliyosema uongo. Swali la mabwawa mangapi, na yapi, lilitakiwa kuulizwa kwenye mpango wa bonde zima, na chombo chake ni tathmini ya kimkakati. Umoja wa Ulaya uliifanya sheria kwa agizo lake la mwaka 2001. Itifaki ya Kiev ya 2003, ya kimataifa kuhusu tathmini hiyohiyo, ilifuata.

Mpangaji asiye mwanaikolojia ajuaje kwamba sera yake inaigusa bioanuwai? Mwongozo wa Curitiba unampa milango mitatu ya kuangalia. Je, sera inataja eneo linalojulikana kwa huduma zake za asili, kama chanzo cha maji au mazalia ya samaki? Je, inaleta moja kwa moja mabadiliko kama kubadili matumizi ya ardhi, kukausha, kuvuna, kumwaga, kuingiza spishi ngeni? Au inabadili jambo lisilo la moja kwa moja, kama bei, ruzuku, kodi, uhamiaji wa watu? Mlango wa tatu ndio unaosahaulika. Ruzuku ya pampu za umwagiliaji haina ramani, haina eneo, haifyeki mti, na inaweza kukausha vijito vya wilaya nzima. Ndiyo maana Lengo la 18 la Kunming-Montreal linazitaka nchi zipunguze ruzuku zinazodhuru bioanuwai kwa angalau dola bilioni 500 kwa mwaka ifikapo 2030. Hiyo ni kazi ya hazina, na mwanaikolojia asiyeweza kusoma kitabu cha bajeti atabaki nje ya chumba.

Afrika Kusini imefanya jambo linalofaa kuigwa. Badala ya kusubiri waombaji wa mashamba ya upepo na jua waje mmojammoja, ilifanya kwanza tathmini ya kimkakati ya nchi, ikaweka ramani za ndege, popo, mimea na gridi juu ya ramani za upepo na jua, na mwaka 2018 ikatangaza rasmi kanda nane za kuendeleza nishati hiyo. Aliyejenga ndani ya kanda alipata utaratibu mfupi. Aliyetaka nje alipitia njia ndefu. Tangu 2019 mwombaji analazimika pia kutumia mfumo wa kitaifa wa ramani unaomwambia, kabla hajaajiri mshauri, unyeti wa kiwanja chake na tafiti zipi atadaiwa. Mwekezaji naye anafaidika: anajua mapema mahali pa kutopoteza pesa. Ramani hizo zinazeeka, lazima niseme, na eneo lililopakwa "unyeti mdogo" kwa sababu hakuna aliyewahi kulitembelea linafanana kabisa na eneo lisilo na kitu. Ramani ionyeshe kwa rangi tofauti mahali ambapo hapajatafitiwa.

Na hilo linategemea kitu kidogo mnachoweza kukidai kuanzia ripoti ijayo: takwimu ghafi. Kila TAM hulipia utafiti wa uwandani, kisha matokeo yanafungiwa kwenye PDF na mshauri anayefuata analipwa kuanza upya. Wekeni sharti kwamba ripoti iambatane na jedwali la kila kiumbe aliyeonekana, tarehe, viwianishi, njia na juhudi, katika muundo unaokubalika na GBIF, na kibali kisitolewe bila jedwali hilo. Kwa spishi zinazowindwa au kuchimbwa kwa siri, kama kobe na okidi, viwianishi vinavyowekwa hadharani vifichwe ndani ya gridi ya kilomita 10, na vile kamili vibaki kwa mamlaka.

Ahsanteni. Maswali sasa, na tuanze na wahandisi.